Uhai wa Mgonjwa Nao Wataka Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mnunuzi wa dhahabu wa Kahama au Geita halihitaji somo hili. Huandika uzito, huandika bei, huandika na jina la aliyemuuzia. Lakini hutokea katika nchi hiyo hiyo kwamba mama mjamzito hupokewa zahanati jioni, hukaa na uchungu mpaka alfajiri, kisha hufariki. Na jamaa zake hurudi nyumbani na maiti na khanga zake, pasipo karatasi hata moja ielezayo ni nani aliyemwona, saa ngapi, na alimpa dawa gani. Gramu moja ya dhahabu ina daftari, na uhai wa mtu hauna.

Ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, ni nchi ya watu wanaohama. Mchimbaji mdogo aliyeko Mwime mwezi huu huenda mwezi ujao akawa Nyarugusu au Rwamgasa. Akishikwa na homa hununua dawa dukani. Akikohoa kwa muda mrefu hudhaniwa kuwa ana kifua kikuu, na pengine asiulizwe hata mara moja kazi yake ni nini, ingawa vumbi la mawe huharibu mapafu kwa dalili zinazofanana na za ugonjwa huo, na mvuke wa zebaki anayoichoma motoni huweza kumletea mtetemeko na usahaulifu. Tabibu wa pili hajui alichofanya wa kwanza, na wa tatu huanza upya kabisa. Siku mwili unaposhindwa, hakuna awezaye kuonyesha kosa lilianzia wapi.

Ndugu zetu wa visiwani, wa Ukerewe na Ukara, wa Kome, Maisome na Izumacheli, wanao mzigo mwingine juu ya huo. Daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewaondolea watu wa Geita na Sengerema adha ya kungoja kivuko waendapo Hospitali ya Bugando. Lakini mwananchi wa kisiwani bado ana maji mbele yake kabla hajaikanyaga barabara. Kwake yeye, rufaa iliyocheleweshwa saa mbili ni saa mbili pamoja na ziwa zima. Asipopewa barua ya rufaa iliyoandikwa saa ya kupokewa na saa ya kuondoka, hospitali ya mjini itasema aliletwa amechelewa, na zahanati ya kisiwani itasema alipoondoka alikuwa na nafuu. Baina ya kauli hizo mbili haki yake hutumbukia majini.

Yafaa tueleze uzembe ni nini, maana si kila kifo cha hospitalini ni uzembe. Maradhi mengine humshinda hata bingwa. Mahakama za nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, yetu ikiwamo, hazimdai daktari miujiza; tangu shauri mashuhuri la Bolam la mwaka 1957 huko Uingereza, kipimo ni ustadi wa kawaida wa mtaalamu wa kazi ile. Mdai hana budi kuthibitisha kwamba mtabibu alikuwa na wajibu kwake, kwamba aliukiuka, na kwamba kuukiuka huko ndiko kulikoleta madhara. Hapo kwenye kuthibitisha ndipo mnyonge anapokwama.

Tukumbuke mwezi Novemba 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: aliyekuwa na maradhi ya goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuwa na uvimbe kichwani akapasuliwa goti. Huyu wa pili alifariki. Mwezi Februari 2018 jambo linalokaribiana na hilo lilitokea katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi, ambako mgonjwa asiyehitaji upasuaji alifunguliwa fuvu kwa kudhaniwa kuwa mwingine. Hapakukosekana elimu wala vyombo katika hospitali hizo mbili kubwa. Kilichokosekana ni kuhakikisha kwamba jina, karatasi na mtu aliyelala kitandani ni kitu kimoja.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya hayafiki popote mahakamani. Majirani zetu wameonyesha kwamba hufika. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Uganda iliamuru familia moja ya Nakaseke ilipwe fidia ya shilingi milioni 35 za nchi hiyo, kwa sababu mama wa familia hiyo alifariki mwaka 2011 kwa uchungu uliozuiliwa, huku daktari wa zamu akiwa hayupo kazini. Huko Kenya, mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma mwaka 2013, akapigwa makofi na wauguzi, alipewa na Mahakama Kuu fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya mwezi Machi 2018. Huyu wa Bungoma alikuwa na ushahidi usiokanushika, kwa kuwa mtu mmoja aliyekuwapo alipiga picha za video. Na mwezi Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikwenda mbali zaidi, ikasema kwamba Serikali isiyotoa huduma za msingi kwa wajawazito inavunja Katiba. Maana yake ni kwamba mkunga mmoja aliyeachwa peke yake na wazazi wengi, bila damu wala glavu, hawezi kubebeshwa peke yake dhambi ya waliompanga hapo.

Hapa kwetu njia zipo. Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017, na Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya sheria ya mwaka 2010, huchunguza mwenendo wa wataalamu na huweza kumwondoa mtu katika rejista. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 233, humtia hatiani atoaye tiba kwa uzembe unaoweza kuhatarisha maisha. Na atakaye fidia hufungua shauri la madai.

Lakini njia hiyo ya mwisho ni ndefu kuliko wananchi wengi wanavyodhani. Madai ya namna hii kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3. Ikiwa hospitali ni ya Serikali, ni lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90. Na tangu marekebisho ya mwaka 2020 sharti hilo linazihusu na halmashauri, Mwanasheria Mkuu wa Serikali naye huunganishwa, na shauri husikilizwa na Mahakama Kuu. Basi mvuvi wa Maisome aliyeumizwa katika zahanati ya kijiji chake hana budi kuelekea Mahakama Kuu Mwanza, na mkulima wa Kahama kwenda Shinyanga. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliyokusudiwa watu kama hao. Viongozi wa mikoa hii wanao wajibu wa kuhakikisha kwamba sheria hiyo inavuka maji, wala haiishii katika ofisi za mjini.

Sisi hatuandiki haya ili kuwachochea wananchi wawachukie waganga na wauguzi. Wengi wao hukesha kwa ajili yetu kwa malipo madogo na vifaa haba. Tena twajua hofu yao: kwamba wakiandika ukweli, karatasi hiyo itawashitaki. Lakini daftari ndilo linalomkinga mtumishi mwaminifu. Mkunga aliyeandika kwamba saa nne usiku aliomba gari la wagonjwa na gari halikuja, amejitetea kabla hajashitakiwa, na amemwonyesha mkuu wake palipo na tundu. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hospitali ifichayo kosa nayo huumbuliwa na kilio cha pili, cha mgonjwa ambaye angepona lau kosa la kwanza lingesemwa.

Kwa hiyo twawaomba Waganga Wakuu wa Mikoa ya Shinyanga, Geita na Mwanza, pamoja na wakurugenzi wa halmashauri, wasimamie mambo matatu yasiyohitaji fedha za kigeni. Asiondoke mgonjwa wa rufaa, hasa wa kisiwani, bila barua yenye saa na jina la aliyeiandika. Faili lisitoweke wala lisiongezwe maneno baada ya kifo. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuzipata taarifa zinazomhusu, basi asizungushwe anapoziomba. La tatu, familia iliyofiwa iketishwe ielezwe ukweli na mkubwa wa kituo mapema, badala ya kuachwa iusikie sokoni.

Nanyi wananchi wenzetu, mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili wakasoma na kusikiliza redio vikundi kwa vikundi, wakajifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Taifa lililoweza hilo haliwezi kushindwa kujifunza kuomba na kutunza karatasi ya matibabu. Iwekeni pamoja na vyeti vya watoto. Mchimbaji aisafiri nayo, na mwenye mtumbwi aifunge katika nailoni isilowe. Siku ya heri itamsaidia daktari kutibu vizuri. Siku ya msiba itasema kwa niaba ya asiyeweza tena kusema.