Buster Keaton

Joseph Frank "Buster" Keaton (4 Oktoba 1895 – 1 Februari 1966) alikuwa mwigizaji, mchekeshaji na mwongozaji wa filamu kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa filamu zisizo na sauti alizotengeneza kati ya miaka 1920 na 1928. Katika filamu hizo alibuni vichekesho, aliongoza, aliigiza kama mhusika mkuu na kufanya mwenyewe karibu vitendo vyote vya hatari. Kwa kuwa hakucheka wala kutabasamu mbele ya kamera, alipewa jina la utani "Uso wa Jiwe".

Pamoja na Charlie Chaplin na Harold Lloyd, Keaton huhesabiwa kuwa mmoja wa wachekeshaji wakuu wa enzi ya filamu bubu. Hata hivyo, kazi yake ilivunjika alipopoteza uhuru wa kutengeneza filamu kwa namna yake.

Utoto jukwaani

Keaton alizaliwa katika kijiji cha Piqua, jimbo la Kansas, wakati wazazi wake wakiwa safarini. Baba yake, Joe Keaton, na mama yake, Myra, walikuwa wasanii katika kundi la maonyesho lililozunguka mijini likiuza dawa. Baadaye familia iliingia katika vodevili, yaani maonyesho ya jukwaani yaliyochanganya nyimbo, mazingaombwe, sarakasi na vichekesho.

Buster alianza kupanda jukwaani akiwa mtoto mdogo, na familia ikajulikana kama "Keaton Watatu". Mchezo wao ulihusu mtoto mtundu anayemchokoza baba yake, na baba anayemrusha huku na huko jukwaani. Nguo za mtoto zilishonewa kishikio mgongoni ili baba apate pa kumkamata. Mara kadhaa wenye mamlaka waliingilia kati wakihofia kwamba mtoto anateswa, lakini Buster alikuwa amejifunza kuanguka bila kuumia.

Hapo ndipo alipogundua jambo lililoongoza kazi yake yote: kila alipocheka mwenyewe, watazamaji walicheka kidogo, kila alipokaza uso kana kwamba hakuna kilichotokea, walicheka zaidi.

Kuingia katika filamu

Mwanzoni mwa mwaka 1917 ulevi wa baba ulilivunja kundi la familia. Mwaka huohuo, mjini New York, Keaton alikutana na Roscoe Arbuckle, mchekeshaji maarufu wa filamu, akaigiza naye katika filamu fupi The Butcher Boy. Inasimuliwa kwamba alivutiwa mno na kamera, akaomba kuifungua aone inavyofanya kazi.

Mwaka 1918 aliitwa jeshini na kupelekwa Ufaransa mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Huko alipata maradhi ya masikio yaliyompunguzia uwezo wa kusikia.

Aliporudi, mtayarishaji Joseph Schenck alimpa studio na kikosi chake mwenyewe. Filamu fupi One Week (1920), inayohusu maharusi wanaojaribu kujenga nyumba iliyonunuliwa ikiwa vipandevipande, ilionyesha mara moja kipaji chake. Mwaka 1921 Keaton alimwoa Natalie Talmadge, shemeji wa Schenck, na wakapata watoto wawili wa kiume.

Namna yake ya kufanya kazi

Katika filamu bubu, maneno ya wahusika yaliandikwa kwenye kadi zilizoonyeshwa katikati ya picha, na muziki ulipigwa ukumbini. Kwa hiyo mwigizaji alitegemea mwili wake. Keaton alipunguza kadi hizo kadiri alivyoweza, akataka hadithi isomeke katika matendo.

Kikosi chake hakikutumia muswada kamili. Walikubaliana mwanzo na mwisho wa hadithi, kisha katikati ilijengwa wakati wa kupiga picha. Wakikwama, walicheza besiboli mpaka mtu apate wazo. Utaratibu huo ulihitaji muda na imani ya mtayarishaji, na Schenck alivitoa vyote viwili.

Keaton pia alipenda kuiweka kamera mbali, ili mwili wake wote na mazingira yake vionekane kwa pamoja bila kukata picha. Sababu yake ilikuwa rahisi: mtazamaji akiona tendo zima mfululizo, anajua hakudanganywa.

Filamu muhimu

Baada ya filamu fupi, Keaton alianza filamu ndefu mwaka 1923 kwa Three Ages na Our Hospitality.

Katika Sherlock Jr. (1924) anaigiza kijana mwendesha mashine ya sinema anayelala kazini na kuota kwamba ameingia ndani ya skrini. Mandhari hubadilika ghafla, naye hujikuta mara bustanini, mara barabarani, mara ukingoni mwa jabali. Wakati wa kupiga filamu hiyo, maji yaliyotoka kwa nguvu katika tangi la reli yalimwangusha shingo yake ikagonga reli. Aliendelea na kazi, na ni miaka kadhaa baadaye ambapo daktari aligundua kwamba alikuwa amevunjika mfupa wa shingo.

The General (1926), aliyoiongoza pamoja na Clyde Bruckman, inatokana na tukio la kweli la mwaka 1862, wakati wa Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambapo askari wa Kaskazini waliiba treni huko Georgia. Keaton anaigiza dereva anayekimbiza kichwa cha treni yake kilichoibwa. Picha zilipigwa Cottage Grove, jimbo la Oregon, kwa treni halisi. Daraja linapovunjika, kichwa cha treni kinachotumbukia mtoni ni cha kweli, na tukio hilo lingeweza kupigwa mara moja tu. Filamu iligharimu fedha nyingi, lakini wahakiki wengi hawakuisifu na mapato yalikatisha tamaa.

Katika Steamboat Bill, Jr. (1928), kimbunga kinaangusha ukuta mzima wa mbele wa nyumba juu ya Keaton. Anasalimika kwa sababu amesimama mahali panapoangukia dirisha lililo wazi. Ukuta ulikuwa wa kweli na mzito, na nafasi iliyobaki kati ya mwili wake na fremu ya dirisha ilikuwa inchi chache. Angesogea kidogo tu, angekufa.

Kupoteza uhuru

Studio ilibeba jina la Keaton, lakini yeye hakuwa mmiliki wake. Mwaka 1928 Schenck aliamua kuifunga na kumshauri ahamie kampuni kubwa ya MGM. Chaplin na Lloyd, ambao walimiliki filamu zao, walimwonya asikubali. Keaton akasaini.

Filamu ya kwanza huko, The Cameraman (1928), bado ilikuwa nzuri. Lakini MGM ilifanya kazi kama kiwanda: muswada uliandikwa na kuidhinishwa mapema, wasimamizi walikuwa wengi, na vitendo vya hatari vilizuiwa kwa sababu mwigizaji alikuwa mali ya kampuni. Kikosi chake cha zamani kilitawanyika.

Mara nyingi husemwa kwamba ujio wa sauti ndio uliomwangusha Keaton. Maelezo hayo hayatoshi. Sauti yake ilifaa, na filamu zake zenye sauti za mwanzoni mwa miaka ya 1930 ziliiletea MGM faida. Kilichopotea ni mamlaka ya kuamua. Alipewa maneno ya kusema na wahusika wa kipumbavu ambao asingewabuni mwenyewe. Alizidisha ulevi, ndoa yake ikavunjika mwaka 1932, na mwaka 1933 MGM ikamfukuza. Baadaye alisema kuhamia MGM ndilo lililokuwa kosa kubwa kabisa katika kazi yake.

Kugunduliwa upya

Kwa miaka mingi Keaton aliishi kwa kuigiza katika filamu fupi za bei nafuu na kuwabunia vichekesho wachekeshaji wengine. Mwaka 1940 alimwoa mcheza dansi Eleanor Norris, aliyekaa naye hadi kufa kwake. Alifanya maonyesho katika sarakasi ya Medrano mjini Paris, akaonekana katika Sunset Boulevard (1950), na katika Limelight (1952) akaigiza pamoja na Chaplin.

Nakala za filamu zake nyingi zilikuwa zikiharibika. Katika miaka ya 1950 mwigizaji James Mason, aliyenunua nyumba ya zamani ya Keaton huko Beverly Hills, alikuta humo nakala zilizosahauliwa. Mkusanyaji Raymond Rohauer alisaidia kuzinakili na kuzisambaza upya. Mwaka 1960 Keaton alikabidhiwa tuzo ya heshima ya Oscar, na mwaka 1965 alishangiliwa kwa muda mrefu katika tamasha la filamu la Venice.

Keaton alifariki kwa saratani ya mapafu tarehe 1 Februari 1966 huko Woodland Hills, California.

Urithi

Mwaka 1989 The General iliingizwa katika kundi la kwanza la filamu 25 zilizochaguliwa kuhifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Jackie Chan, mwigizaji na mwongozaji wa Hong Kong, amemtaja Keaton kuwa mmoja wa waliomwongoza, na alilirudia tukio la ukuta unaoanguka katika filamu Project A Part II (1987). Filamu ile iliyohesabiwa hasara mwaka 1927 leo hutajwa miongoni mwa vichekesho bora kuwahi kutengenezwa, ilhali zile zilizoipatia MGM faida hukumbukwa na wachache.