Maziwa ya Anand, malisho ya Masisi

Asubuhi, katika barabara ya Ngungu kuteremka Shasha hushuka pikipiki zilizobeba mabido ya manjano, yamefungwa kwa mipira nyuma ya motari. Ni maziwa ya malisho ya Masisi yanayotafuta njia ya Sake na Goma. Pikipiki nyingi za huku ni TVS, zimetoka India. Nchi hiyo, kwa watu wengi wa Kivu ya Kaskazini, ni pikipiki, vidonge vya zahanati, na wanajeshi wa MONUSCO waliokaa hapa miaka mingi. Ila India yenye somo kwa mfugaji wa Ngungu ni ile ya watu wenye ng'ombe wawili au watatu.

Kwa ukubwa inatuzidi: kilomita za mraba karibu milioni 3.3, wakati Kongo ina milioni 2.3. Kaskazini imezibwa na Himalaya, ambako mlima Kangchenjunga una mita 8,586. Chini yake limelala bonde la Ganga, lililojaa watu na mashamba. Magharibi kuna jangwa la Thar, kusini nyanda za juu za Deccan. Sehemu kubwa ya mvua yake huja kati ya Juni na Septemba, na ikichelewa, mkulima hana pa kukimbilia. Masisi mvua hunyesha misimu miwili, na majani hayakauki kwa miezi kama huko. Kwa malisho, sisi ndio tuliobahatika.

Wala India haikuanza na raha. Njaa ya Bengal ya 1943 iliua zaidi ya watu milioni mbili. Waingereza walipoondoka Agosti 1947, nchi ilikatwa, Pakistani ikazaliwa, na mamilioni wakakimbia makwao huku mamia ya maelfu wakiuawa kwa sababu ya dini. Aliyewahi kulala chini ya turubai karibu na Sake hahitaji kuelezwa hali hiyo.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru, wafugaji wa wilaya ya Kaira, katika Gujarat ya leo, walichoka na kiwanda kimoja kilichonunua maziwa yao kwa bei kiliyojipangia. Wakagoma kuuza. Kisha, wakiongozwa na Tribhuvandas Patel, wakaunda ushirika wao mjini Anand. Mwaka 1949 akaja injinia kijana, Verghese Kurien, ambaye hakukusudia kukaa. Alibaki huko hadi kifo chake mwaka 2012.

Utaratibu wao ni rahisi kueleza, mgumu kuudumisha. Kila kijiji kina kituo. Mama analeta lita zake mbili asubuhi, na nyingine jioni. Maziwa yanapimwa kiasi na mafuta, naye analipwa kulingana na mafuta hayo. Aliyeongeza maji amejipunja mwenyewe. Vituo vya vijiji vinaunda ushirika wa wilaya, na kiwanda ni mali ya ushirika huo. Kwa hiyo faida ya siagi na jibini haiishii mjini, inarudi kwa mwenye ng'ombe.

Mwaka 1970 serikali ilianza kuusambaza mfumo huo nchi nzima. Ulaya wakati ule ilikuwa na maziwa ya unga na mafuta ya siagi yaliyozidi, ikayatoa kama msaada. Kurien aliona hatari: vya bure vikimwagwa sokoni, mfugaji ataacha kukamua. Basi msaada ukachanganywa na maziwa ya wafugaji, ukauzwa mijini kwa bei isiyowaumiza, na fedha zikanunua malori ya tangi, vyumba vya baridi na viwanda. Mpango ulifungwa mwaka 1996. Miaka miwili baadaye India iliipita Marekani kwa wingi wa maziwa, na sasa inazalisha zaidi ya tani milioni 200 kwa mwaka.

Hayo yalianza kabla ya sifa nyingine za India: mageuzi ya uchumi ya 1991, kompyuta, na chombo cha Chandrayaan-3 kilichotua mwezini Agosti 2023. Umaskini bado upo, na wenye kuchakachua maziwa pia.

Masisi inajua jibini. Fromaji yake huliwa hadi Kinshasa. Ila vita vya 1993 na 1996 vilimaliza mifugo, na hata leo ng'ombe huporwa, bariera hutoza kila bido, na tangu waasi wa M23 waingie Goma mwanzoni mwa 2025 njia zimekuwa za kubahatisha. Hakuna ushirika utakaotengeneza barabara au kuzuia bunduki. Hilo ni deni la wenye madaraka.

Hata hivyo, somo la Kurien kuhusu msaada linatuhusu. Tangu 1994 Kivu imepokea misaada ya kila aina, na imelisha watu waliokuwa na njaa kweli. Ni kiasi gani kiligeuzwa kuwa chumba cha baridi, au kiwanda chenye hati kwa jina la wafugaji? Koltani ya Rubaya, jirani yetu, itakwisha siku moja, na bei yake haipangwi na mchimbaji. Majani huota tena, lakini mwenye ng'ombe ataipanga bei ya maziwa siku kiwanda kitakapokuwa chake.