Mtoto Asiyegeuka Unapomwita

Mama mmoja tunayemfahamu alijifungua salama mtoto wa kiume mwenye kilo tatu. Mtoto alinyonya vizuri, akapata chanjo zake zote, akakaa na kutembea kwa wakati. Lakini alipofikisha mwaka mmoja na nusu alikuwa hajatamka hata "mama". Bibi yake alisema watoto wa kiume huchelewa kusema. Majirani walinong'ona kwamba amelogwa, na wengine wakadai mama yake alikunywa dawa fulani wakati wa ujauzito. Siku moja sufuria ilianguka kwa kishindo nyuma ya mtoto, naye akaendelea kucheza bila kushtuka. Hapo ndipo mama alipoelewa.

Daktari wa masikio alimweleza kwamba mtoto huenda aliathiriwa na kirusi akiwa bado tumboni, ila muda wa kuthibitisha hilo ulikuwa umepita zamani. Mama huyo hakuwahi kusikia habari za kirusi hicho. Na sisi tulipowauliza akina mama wenzetu, hatukumpata hata mmoja aliyewahi kuambiwa habari zake kliniki.

Kirusi chenyewe kinaitwa saitomegalo, na madaktari hukifupisha kuwa CMV. Ni ndugu wa virusi vinavyoleta tetekuwanga na malengelenge ya mdomoni. Wewe unayesoma ukurasa huu karibu kwa hakika unacho. Katika nchi zetu watoto wengi hukipata kabla hawajafikisha mwaka mmoja, kwa maziwa ya mama au kwa mate ya kaka na dada zao. Kikishaingia mwilini hakitoki tena. Hujificha na kulala. Mtu mwenye afya hupata homa kidogo, au hajui kabisa kwamba kimempitia.

Taabu ipo kwa mtoto aliye tumboni. Kirusi kinaweza kupita kwenye kondo la nyuma mama anapoambukizwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, au kile cha zamani kinapoamka, au anapopata kingine cha aina tofauti kidogo. Madhara huwa makubwa zaidi ikiwa ni katika miezi ya mwanzo ya mimba. Katika nchi tajiri takriban mtoto 1 kati ya 200 huzaliwa nacho, na katika nchi zenye kipato kidogo huwa ni zaidi ya hapo.

Kati ya watoto 100 wanaozaliwa nacho, kama 10 huonyesha dalili mapema: kichwa kidogo, umanjano, ini na bandama kuvimba, vidoa vyekundu kwenye ngozi, au degedege. Wale 90 waliobaki huonekana wazima kabisa, na mama huwapeleka nyumbani kwa furaha. Lakini baadhi yao, 10 hivi au zaidi kidogo, hupoteza usikivu baadaye. Wengine husikia vizuri siku ya kuzaliwa, kisha masikio hufifia taratibu katika miaka ya mwanzo.

Kipimo cha kuthibitisha hutumia mkojo au mate ya mtoto, nacho lazima kifanywe ndani ya wiki tatu za kwanza. Baada ya hapo haijulikani tena kama alizaliwa nacho au alikipata kwa kunyonya. Ipo dawa ya maji iitwayo valgansiklova, ambayo huanzwa katika mwezi wa kwanza na kutumiwa kwa miezi sita kwa watoto wenye dalili. Inaweza kuokoa sehemu ya usikivu, lakini ni ghali, na mtoto hupimwa damu mara kwa mara kwa kuwa inaweza kupunguza chembe nyeupe.

Wengine wanaodhuriwa ni wale ambao kinga yao imepungua. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI bila kutumia dawa wanaweza kupofuka, kwa kuwa kirusi hiki hushambulia sehemu ya nyuma ya jicho. Wanaotumia dawa zao vizuri hawapatwi na hilo kwa urahisi. Waliopandikizwa figo nao huwa hatarini, na ndiyo sababu madaktari huwachunguza kwa makini miezi ile ya mwanzo. Watoto njiti wadogo sana pia wanaweza kuugua kwa kirusi kinachopitia maziwani. Hata hivyo, dada, usiache kunyonyesha kwa hofu! Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake maziwa yako hayana shida, na hata kwa njiti maziwa ya mama ndiyo bora. Wauguzi watakuongoza.

Ukiwa mjamzito na una mtoto mdogo nyumbani, ujue kwamba mate na mkojo wake ndiyo njia kuu. Nawa kwa sabuni baada ya kumbadilisha nepi au kumfuta kamasi. Usimalizie uji kwa kijiko chake, na umbusu kwenye paji la uso badala ya mdomoni. Twajua ni vigumu. Ni mama gani hajawahi kumtafunia mwanawe kipande cha nyama?

Kuhusu masikio, mtoto mchanga hushtuka mlango unapobamizwa. Akiwa na miezi sita hugeuza kichwa kutafuta sauti, na kwenye miezi tisa hubwabwaja "baba-baba". Mjaribu ukiwa nyuma yake asikuone, na urudie kila baada ya miezi michache, hata kama mara ya kwanza alisikia. Ukiwa na shaka, omba kupelekwa kwa daktari wa masikio mara moja. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 2017 wanapandikiza kifaa cha kusikia ndani ya sikio, na watoto wanaokipata mapema ndio wanaojifunza kusema vizuri zaidi.

Yule mtoto wa sufuria sasa yuko shule ya viziwi. Mama yake amejifunza lugha ya alama, na bibi naye anaijua kidogo: "njoo", "kula" na "lala".