Hoho za Uhispania zinalindwa na wadudu, si dawa. Cheki vile inawork
Kama dawa inakula doo zote za shamba lako, skiza hii ya Almería, Uhispania. Mwisho wa 2006, Wajerumani walipata dawa haramu kwa hoho za huko. Soko ikaanza kuwakataa. Ndani ya miaka michache, karibu greenhouse zote za hoho zikageukia wadudu askari: kunguni mdogo anaitwa Orius anamaliza thripsi, na utitiri Amblyseius swirskii anakula mayai ya inzi weupe.

Siri ni mbili. Waachilie mapema, kabla adui hajajaa. Halafu wacha kupiga dawa kali ovyo, juu inaua askari wako pia. Naivasha, mashamba ya waridi tayari yanatumia utitiri askari. Yako je?