Anga Moja, Vyumba Vitatu

Anayeishi Kakuyuni, kule bara ya Malindi kwenye barabara iendayo Kakoneni na lango la Sala la Tsavo Mashariki, huona ndege za aina mbili. Za kwanza ni zile ndogo za kutoka Nairobi, zinazoshuka kuelekea uwanja wa Malindi, ambao njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 1.4 hivi na kwa hiyo haipokei madege makubwa. Za pili hazishuki kamwe. Ziko juu futi 35,000 au zaidi, zimetoka Doha, Muscat au Dubai, zinakwenda Zanzibar, Dar es Salaam au kusini zaidi, na mara nyingi kinachoonekana ni mstari mweupe tu unaofutika polepole juu ya mikorosho.

Hizo za pili ndizo zenye habari. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, ndege huimaliza pwani ya Kenya, kutoka Kiunga hadi Vanga, kwa karibu nusu saa. Katika muda huo mfupi rubani anaweza kuzungumza na vyumba vya kuongozea ndege vya nchi tatu: Mogadishu, kisha Nairobi, kisha Dar es Salaam. Mombasa nayo ina waongoza ndege wake, lakini wao hushughulika zaidi na ndege zinazopanda na zinazotua. Zilizo juu kabisa ni za Nairobi. Abiria haambiwi lolote. Chai yake haijapoa, naye amekwisha kubadilishiwa walinzi mara mbili.

Kupokezana huko hakuanzi ndege inapofika mpakani. Dakika kadhaa kabla, mwongoza ndege wa chumba cha kwanza humwarifu mwenzake wa chumba cha pili: ndege fulani inakuja, iko kwenye kimo hiki, itavuka mpaka saa hii. Wa pili hukubali, au huomba ibadilishwe kimo kwa sababu pale pameshakaliwa na nyingine. Wakikubaliana, ndipo rubani anapoambiwa ahamie masafa ya redio ya jirani. Zamani yote yalifanywa kwa simu, na mahali pengi bado simu ndiyo tegemeo. Kwingine kompyuta za vituo viwili hupashana habari zenyewe. Saa inayotajwa si ya Nairobi wala ya Dar bali ni ile moja ya dunia nzima, kiasi kwamba saa nane mchana ya Kakuyuni kwa waongoza ndege ni saa 11:00.

Ndege ziachane umbali gani? Jibu linategemea jinsi vyumba hivyo vinavyoona na vinavyoaminiana. Mahali pasipo na rada, ndege mbili zinazofuatana katika njia moja na kimo kimoja huachanishwa kwa kawaida dakika 10, ambazo kwa mwendo wa ndege kubwa ni kilomita 150 hivi. Palipo na rada nzuri, umbali huo unaweza kushuka hadi kilomita 9. Sasa chukulia kwamba nchi moja ina mitambo inayoona kila kitu, na jirani yake hana. Ndege zinazoelekea kwa jirani lazima zianze kutawanywa kabla ya mpaka, zipangwe kwa kipimo cha yule asiyeona. Mwenye mitambo ya gharama kubwa hufaidi nusu tu ya alichonunua. Hii ndiyo sababu ushirikiano wa anga si suala la ujirani mwema peke yake. Asiyeshirikiana huwapotezea mafuta na muda hata waliojiandaa.

Mfano mzuri ni usiku wa 25 Septemba 2008. Kabla ya tarehe hiyo, ndege zilizoruka Afrika kati ya futi 29,000 na 41,000 zilipishana kwa tofauti ya futi 2,000 kwenda juu au chini. Kuanzia siku hiyo tofauti ikawa futi 1,000, na vimo vya kutumia katika tabaka hilo vikapanda kutoka 7 hadi 13. Ulaya na sehemu nyingine za dunia zilikuwa zimetangulia. Lakini jambo la kutazama ni kwamba nchi za Afrika zilibadilisha kwa pamoja, saa ile ile. Kama Kenya ingebadilisha na Tanzania ikangoja, ndege zingefika juu ya Vanga zikiwa zimepangwa kwa hesabu ambayo Dar es Salaam haiitambui, na kazi ya kuzipanga upya ingemwangukia mwongoza ndege mmoja mbele ya mitambo yake.

Wazee wa kazi hii wanajua kwamba Afrika Mashariki iliwahi kuwa na mwenye nyumba mmoja angani. Chini ya Tume Kuu ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1948, na baadaye chini ya Jumuiya ya mwaka 1967, usafiri wa anga wa Kenya, Uganda na Tanzania ulisimamiwa na kurugenzi moja, kama vile reli, bandari na posta zilivyokuwa na shirika moja kila kimoja. Kulikuwa na kampuni moja ya ndege, East African Airways, iliyoanza 1946. Chuo cha marubani kilijengwa Soroti, Uganda, 1971, kwa ajili ya nchi zote tatu.

Mwaka 1977 yote yakavunjika. East African Airways ilisimama mwanzoni mwa mwaka huo, Kenya na Tanzania zikaanzisha kampuni zao za ndege mara moja, na mpaka wa nchi hizo mbili ukafungwa hadi 1983. Anga nalo likagawanywa: Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe zikawa na kanda zao, kila moja na mamlaka yake, mitambo yake na ankara zake za kuwatoza wanaopita. Juu ya hayo, wanasiasa wa wakati ule hawakuwa na haja ya kusikilizana. Waongoza ndege walilazimika kusikilizana, kwa kuwa ndege hazikuacha kuvuka mpaka wa angani.

Miaka mingi baada ya ukanda wa kusini kugawanyika, wa kaskazini uliangukia mikononi mwa Nairobi kwa njia ambayo wachache wa pwani wanaikumbuka. Serikali ya Somalia iliporomoka Januari 1991. Anga la Somalia, linalopanuka mbali ndani ya Bahari ya Hindi, ni njia kuu ya ndege za Ghuba na Asia zinazokwenda kusini mwa Afrika; halikuweza kuachwa hivi hivi. Mwaka 1996 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la usafiri wa anga ICAO, ulianza kuliendesha kutoka Nairobi. Ada za kupita zilizokusanywa kwa mashirika ya ndege ndizo zilizolipa mishahara na redio.

Ilikuwa huduma ya kusaidia tu. Rubani alipewa taarifa, si maagizo: aliambiwa ndege gani nyingine ziko njiani, lakini kuachana nazo lilikuwa jukumu lake. Katika sehemu nyingi za Afrika zenye hali kama hiyo, marubani wenyewe hutumia masafa ya 126.9 kutangaza mahali walipo, kimo chao na wanakoelekea, ili wenzao wasikie na kujihadhari. Fikiria abiria 300 wa usiku, wamelala, na usalama wao umebebwa na rubani anayejitangaza kwenye redio akitumaini mwenzake anasikia. Ndivyo ilivyokuwa kaskazini mwa Lamu kwa miaka mingi.

Desemba 2017 kazi ikarejeshwa Mogadishu. Waongoza ndege wa Kisomali walikuwa wamefunzwa, mitambo imefungwa, na Nairobi ikakabidhi. Januari 2023 anga la juu la Somalia likarudishiwa daraja A, yaani kila ndege huongozwa na kuachanishwa na nyingine na mtu aliye chini, jambo ambalo halikuwa limefanyika kwa miaka 30. Kwa ukanda wetu haya ni mafanikio makubwa kuliko uwanja wowote mpya uliokatiwa utepe, ingawa hayakupata sherehe ya kiasi hicho.

Hata hivyo mwanzoni mwa 2024 palitokea mtihani. Ethiopia na Somaliland, eneo linalodai kujitenga na Somalia, zilikuwa zimetia saini mkataba wa maelewano tarehe 1 Januari, Mogadishu ikakasirika, na ugomvi wa ardhini ukapanda angani. Marubani wakaripoti kusikia sauti mbili, ya Mogadishu na ya Hargeisa kule Somaliland, kila moja ikidai ndiyo yenye mamlaka na wakati mwingine zikitoa maagizo yanayopingana. Rubani aliye futi 37,000 hana namna ya kuamua nani mwenye haki ya kisiasa. Anachohitaji ni sauti moja.

Ulaya ilijifunza jambo la karibu na hilo kwa gharama kubwa. Usiku wa 1 Julai 2002, juu ya mji wa Überlingen kusini mwa Ujerumani, ndege ya mizigo ya DHL iligongana na ndege ya Urusi iliyobeba watoto wa shule waliokuwa wakienda likizo. Watu 71 walikufa. Eneo lile ni la Ujerumani, lakini kwa makubaliano liliongozwa kutoka Zurich, Uswisi. Usiku huo mwongoza ndege mmoja alikuwa peke yake kazini, na simu zake kuu zilikuwa zimezimwa kwa matengenezo. Wenzake wa Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari kwenye skrini zao. Wakapiga simu Zurich, wakapiga tena. Haikuingia.

Kukabidhi anga kwa jirani hakukuwa kosa pale. Mpango huo unaendelea sehemu nyingi. Kilichokosekana ni uzi wa mawasiliano usiokatika na watu wa kutosha zamu ya usiku. Kwa sababu hiyo vituo vya Afrika Mashariki na jirani zake vimewekeza katika mitandao ya setilaiti inayobeba sauti na data kati yao. Mmojawapo ni NAFISAT, unaosimamiwa na ATNS, kampuni ya kuongoza ndege ya Afrika Kusini, ulioanzishwa kwa ajili ya vituo vya kaskazini-mashariki mwa Afrika, vya Kenya vikiwemo.

Je, kwa nini basi wasiungane tu kama zamani? Mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha 30 Novemba 1999, unataja katika ibara ya 92 hatua za pamoja za kusimamia na kulinda anga la Jumuiya. Mwaka 2007 ikaundwa CASSOA, wakala wa kusimamia usalama wa usafiri wa anga, wenye makao Entebbe, na kanuni za nchi wanachama zikaanza kufanana. Wazo la kuwa na ukanda mmoja wa anga la juu limejadiliwa mezani miaka nenda miaka rudi. Kanuni zimesogea haraka. Vyumba vya kuongozea havijaungana.

Sababu ya kwanza ni fedha. Ndege inayopita bila kutua hulipa ada kwa dola, na kwa mamlaka kama KCAA ya Kenya au TCAA ya Tanzania hayo ni mapato ya uhakika. Chumba kikiwa kimoja, nani anatoa ankara, na mgao unakwendaje? Ya pili ni hofu ya kupoteza enzi. Hofu hii, kwa kweli, haina msingi mkubwa kisheria: kanuni za ICAO zinasema wazi kwamba nchi inayomkabidhi jirani kazi ya kuongoza ndege haipunguziwi mamlaka yake juu ya anga hilo. Na mfano upo nyumbani. Kwa miaka mingi ndege za kimo cha juu zilizopita Rwanda na Burundi ziliongozwa na Dar es Salaam, wala hakuna aliyesema Kigali si mji mkuu wa nchi huru.

Wenye kutaka mfano mkubwa zaidi hutazama Afrika Magharibi. ASECNA, iliyoundwa kwa mkataba wa Saint-Louis, Senegal, Desemba 1959, husimamia anga la kilomita za mraba milioni 16 kwa niaba ya nchi nyingi, makao yakiwa Dakar. Kule Ulaya, kituo cha Maastricht, kilichoanza kazi 1972, huongoza ndege za juu za Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg na kaskazini-magharibi mwa Ujerumani. Fedha zake hugawanywa kwa hesabu iliyokubaliwa. Ni hesabu, si muujiza. Afrika Mashariki imekwisha kukubaliana ushuru mmoja wa forodha kwa bidhaa za kutoka nje, jambo gumu kuliko hilo.

Kwa watu wa Malindi suala hili litazidi kusogea karibu. Mpango wa kurefusha njia ya ndege ya Malindi, unaohitaji ardhi na fidia kwa wakazi, umezungumzwa kwa muda mrefu. Ukikamilika, ndege za moja kwa moja kutoka nje zitapenya katikati ya zile zinazopita. Na kuna Ngomeni. Kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini kaskazini mwa mji, Waitaliano walirusha roketi kati ya 1967 na 1988, ikiwemo ile ya 12 Desemba 1970 iliyobeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru. Roketi inayoelekea mashariki hukata anga lenye njia za ndege, kwa hiyo marubani wote lazima waonywe mapema kukwepa eneo hilo. Tangu 2017 Kenya ina shirika lake la anga za juu, na hamu ya kurusha tena kutoka pwani hii imetajwa zaidi ya mara moja. Siku itakapopangwa, onyo hilo litaandikwa Nairobi, na kabla ya roketi kuwashwa litapaswa kuwa limefika na kukubaliwa Mogadishu, Dar es Salaam na Ushelisheli.