Wenye minyoo ni wangapi, na minyoo ni mingapi?

Mwaka 1998, mradi wa kugawa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi wilayani Busia, magharibi mwa Kenya, ulipima choo cha wanafunzi. Asilimia 92 walikutwa na angalau aina moja ya minyoo ya tumbo au kichocho. Ni namba ya kushtua, na ni rahisi kuikumbuka. Lakini vipimo hivyohivyo vilitoa namba ya pili ambayo haitajwi sana: wanafunzi waliokuwa na maambukizi ya kiwango cha kati au kikali walikuwa asilimia 37.

Namba zote mbili ni za kweli. Ya kwanza inasema wenye minyoo ni wangapi. Ya pili inakaribia kusema minyoo yenyewe ni mingi kiasi gani, na hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.5 duniani wana minyoo inayoenea kupitia udongo: mchango, mjeledi na safura. Makadirio kama hayo huanzia mbali na makao makuu ya shirika lolote. Huanzia kwenye kikopo cha choo na meza ya maabara. Mtaalamu hukichuja kinyesi kwenye wavu mwembamba, hujaza tundu la kibao cha plastiki ambalo hubeba miligramu 41.7 tu, kisha hukibandika kwenye kioo na kukifunika kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini. Chini ya hadubini huhesabu yai mojamoja. Jumla huizidisha mara 24 ili kupata mayai katika gramu moja.

Kazi hiyo haitaki kuchelewa. Gliserini huusafisha uchafu ili mayai yaonekane, lakini ganda la yai la safura ni jembamba, na kioo kikikaa kwa zaidi ya saa moja hivi, mayai hayo hufifia hadi yasionekane tena. Mgonjwa wa safura ataandikwa kuwa hana kitu. Hata umakini wa siku moja hautoshi, kwa kuwa idadi ya mayai hubadilika kila kukicha. Ndiyo maana wapimaji waangalifu hutengeneza vioo viwili, na wakiweza huomba choo cha siku nyingine.

Jike mmoja wa mchango anaweza kutaga mayai yanayofikia 200,000 kwa siku. Kwa hiyo mtoto mwenye mnyoo mmoja na mwenzake mwenye minyoo mia, wote wawili huhesabiwa kuwa “wana minyoo”, ingawa huyo wa pili anaweza kuzibwa utumbo hadi apasuliwe. Tena minyoo haijigawi sawasawa miongoni mwa watu. Karibu kila kijiji kilichopimwa vizuri huonyesha jambo lilelile: wachache ndio wanaobeba sehemu kubwa ya minyoo yote. Wakishatibiwa, mara nyingi ni haohao wanaojaa tena, kwa sababu bado wanaishi kwenye ua uleule, wanatumia choo kilekile au hawana choo kabisa.

Pemba ilionyesha gharama ya hali hiyo. Katika miaka ya 1990, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi waliopimwa katika shule za kisiwani walikuwa na safura. Mnyoo huu hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mmoja hunyonya kidogo mno, mamia humaliza madini ya chuma mwilini. Watafiti walikadiria kwamba asilimia 73 ya upungufu mkali wa damu kati ya wanafunzi hao ilitokana na safura.

Safura ina tabia nyingine inayosumbua takwimu. Mchango na mjeledi hushamiri zaidi kwa watoto, lakini safura huendelea kuongezeka hadi utu uzimani. Anayepima na kutibu shuleni peke yake humwacha nje mama anayelima peku, na mama huyo akiwa mjamzito, upungufu wa damu humtishia yeye na mtoto aliye tumboni.

Hoja hiyo ilijaribiwa Kwale, pwani ya Kenya, kuanzia mwaka 2015, katika utafiti ulioitwa TUMIKIA. Safari hii walipimwa watu wa rika zote. Baada ya miaka miwili, katika maeneo ambayo dawa zilitolewa shuleni mara moja kwa mwaka, safura ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Pale ambapo watu wazima nao walifuatwa nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwaka, ilishuka kutoka 17.9 hadi 8.0. Walipofuatwa mara mbili kwa mwaka, ilitoka 20.6 hadi 6.2.