Misuli ya Paja na Maradhi ya Pia ya Goti

Pia ya goti ni mfupa mdogo uliomo ndani ya kano kuu ya paja. Kazi yake ni kuisogeza kano hiyo mbele, mbali na kiungo, ili misuli ipate wenzo mrefu zaidi wa kuunyosha mguu. Goti likunjwapo na kunyoshwa, pia huteleza katika mfereji ulio kwenye ncha ya chini ya mfupa wa paja. Isipoteleza sawasawa, maumivu huweza kutokea mbele ya goti, hasa wakati wa kupanda ngazi, kuchuchumaa au kukaa kwa muda mrefu. Maumivu hayo huwapata sana vijana wapendao michezo.

Misuli inayounyosha mguu ni minne. Mmoja hushuka wima mbele ya paja. Wa pili umelala chini yake. Wa tatu, ulio mkubwa kuliko yote, uko upande wa nje. Na wa nne uko upande wa ndani. Mfupa wa paja huinama kuelekea ndani kutoka nyonga hadi goti, hali mfupa wa muundi umesimama wima. Kwa sababu hiyo, kila misuli ikazapo, pia huelekea kuvutwa nje.

Yako mambo matatu yanayoizuia: ukingo wa nje wa mfereji, ambao umeinuka kuliko wa ndani, utando mgumu unaoifunga pia kwa upande wa ndani, na nyuzinyuzi za chini za msuli wa ndani, ambazo zimelala mshazari.

Zamani iliaminika kwamba nyuzinyuzi hizo ndizo zikamilishazo digrii 15 za mwisho za kuunyosha mguu. Mwaka 1968, Lieb na Perry wa Marekani walichapisha majaribio waliyofanya kwa miguu iliyokatwa. Kila sehemu nyingine ya misuli ilipovutwa peke yake iliweza kulinyosha goti. Nyuzinyuzi za mshazari hazikuweza. Walihitimisha kuwa kazi yake mahususi ni kuiweka pia mahali pake.

Je, udhaifu wa nyuzinyuzi hizo ndio chanzo cha maradhi? Kwa baadhi ya wagonjwa yawezekana. Lakini goti lenye maumivu au lililojaa maji huilegeza misuli ya paja. Kwa hiyo udhaifu huweza kuwa matokeo, wala si chanzo. Zaidi ya hayo, mfereji usio na kina, au mazoezi yaliyozidishwa ghafula, navyo huleta madhara.

Mwanafunzi aweza kujionea mwenyewe. Akae sakafuni, anyoshe mguu na kuulegeza: pia itasogea kwa vidole huku na huku. Akikaza paja, itakwama.

Halijathibitika zoezi linaloimarisha nyuzinyuzi za mshazari peke yake. Lifaalo ni kuimarisha misuli yote ya paja pamoja na ya nyonga, na kuongeza mazoezi hatua kwa hatua. Goti lililovimba, au ambalo pia yake imewahi kuteguka, lipelekwe kwa mganga hospitalini.